Kinyago cha Chui na Mikwiro ya Baba

Mtu wa kwanza kunipiga kichwani Marekani nikacheka alikuwa mama mmoja wa Kimexico, pale Columbus, Jumamosi asubuhi, mbele ya wateja. Alinivika kinyago cha ngozi, akakifunga chini ya kidevu, akarudi nyuma hatua mbili, akanitandika kwa kamba ngumu yenye fundo mwishoni. Nilisikia kishindo kama mtu amebamiza mlango wa pikapu na kichwa changu kimo ndani. Nikasubiri maumivu. Hayakuja. Ndipo nikacheka, wateja wakapiga makofi, na yule mama akawaambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba kitu hiki si cha ukutani, ni cha kichwani, na asiyeamini asogee naye aonje. Hakusogea mtu.

Soko lenyewe ni la mafundi wa mikono, nalo huzunguka. Wikiendi moja Louisville, nyingine Columbus, nyingine Buffalo, halafu linaanza upya. Louisville na Buffalo nilikuwa siendi, na nitaeleza kwa nini. Meza zetu ziliwekwa jirani, nadhani kwa sababu waandaaji waliona sote wawili tunauza ngozi na kelele. Mimi nachonga ngoma za Kirundi kutoka kwenye magogo ambayo watu wa mjini hulipa yakatwe na kutupwa. Yeye alikuwa na vyungu vyeusi vinavyong'aa, wanyama wa mbao waliopakwa rangi mpaka macho yanauma, mafuvu ya udongo yanayocheka, na karatasi zilizotobolewa maua za kutundika mlangoni. Hivyo vyote aliviuza kwa niaba ya jamaa zake wa nyumbani. Vyake mwenyewe vilikuwa vinyago vya chui, ngozi nene ya ng'ombe iliyofinyangwa ikawa kofia ya kufunika kichwa kizima, rangi ya njano yenye madoa, vioo viwili vidogo mahali pa macho, sharubu za nywele za nguruwe, ulimi mwekundu nje. Nilimwita Mama Chui. Yeye aliniita Ngoma, na sijui kama aliwahi kulijua jina langu.

Wateja walitukera sawasawa. Mmoja aliniuliza kama ngoma yangu inaweza kubeba taa ya kusomea. Mwingine alimuuliza Mama Chui kama ana kinyago chenye sura ya upole zaidi, cha chumba cha mtoto. Mama Chui alimtazama kichwani kwa muda, kama fundi anayepima.

Ngozi tulinunua pamoja kwenye machinjio moja nje ya mji, tukazirudisha kwenye pikapu yake zikiwa bado na joto na nzi. Baada ya hapo kila mtu alikwenda njia yake. Mimi huinyoa ngozi mbichi, naivuta juu ya gogo ikiwa laini, naipigilia vigingi, naliachia jua. Ikikauka inakuwa ngumu kama bati na inalia. Yeye alitumia ngozi iliyoivishwa kwanza kwa magome isirudi mbichi, akailoweka, akaigonga kwa nyundo ya mbao juu ya kichwa cha mti cha kuchonga, siku tatu mfululizo, akitukana kwa Kihispania. "Yako inataka kulia," aliniambia. "Yangu inataka kunyamaza."

Kwao milimani, alisema, mwezi wa tano kabla ya mvua, wanaume huvaa vinyago hivi wakapigana kwa kamba. Wawili wawili, mtaa huu na mtaa ule, kichwani tu, mpaka mmoja aanguke. Tone la damu hulipa tone la mvua. Marehemu mumewe alipigana miaka ishirini na mwishowe akauawa na ini, siyo kamba. Wakimaliza huvua vinyago, hukumbatiana, hunywa kutoka kibuyu kimoja, na hakuna kinyongo. Halafu akaongeza jambo moja, huku ananinyooshea kidole kilichojaa gundi. Mwenye hasira na mwenzake haruhusiwi kuvaa. Anayepigana kwa hasira huleta mvua ya mawe.

Mimi nilisikia kibuyu. Hayo mengine niliyapitisha sikio hili yakatokea lile.

Maana nilikuwa na kaka ambaye sijanywa naye chochote kwa miaka sita.

Baba yangu alikuwa mpiga ngoma. Nilizaliwa kambini kwa wakimbizi, Tanzania, mkoa wa Kigoma, na kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa ni yeye akiiendea ngoma na mikwiro miwili, vijiti vya kupigia, mkononi, mabega yakipanda. Jioni alipiga uani watu wakaja. Siku nyingine alipiga ndani, mlango umefungwa, kwa kasi na kwa nguvu, na majirani wakasema leo mzee ana furaha. Siku hizo mimi nilicheza uani peke yangu mpaka nikaanguka chini kwa kuchoka. Kaka yangu, ambaye amenitangulia miaka sita, hakuwa anacheza. Nilimwona mtu asiyejua raha. Mama alikuwa na pengo upande wa kushoto, meno mawili ya juu, na akicheka hewa ilipita pale ikapiga mluzi. Alituambia ni jiwe lililokuwa kwenye maharage ya mgao. Alitafuna upande wa kulia tu, polepole kama mbuzi mwenye mawazo, na sisi watoto tulimuiga tukachekwa.

Baba alifia kambini kwa homa. Tulipopata safari ya kuja Louisville tulibeba ngoma yake, na kwa ajili ya ngoma hiyo nguo zangu nyingi nikazigawa. Kaka alipata kazi, mimi nikapata kazi, mama akapata baridi na goti bovu. Nikirudi kutoka shifti nilishuka chini ya nyumba, kwenye chumba cha mashine ya kufulia, nikafunga mlango nikapiga ngoma ya baba. Nilipiga vizuri. Nilipiga kama yeye, kila mtu wa kwetu alisema hivyo.

Siku moja ya Jumapili mchana nilirudi nikaikuta ngoma uani, imepasuliwa. Kaka alikuwa amesimama na shoka, shati la kanisani limelowa jasho. Alikuwa ameshakuwa mzee wa kanisa wakati huo, na kanisani kwao walikuwa na maneno yao kuhusu ngoma na mapepo. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Nikamwambia, "Umemuua baba mara ya pili." Akasema, "Mdogo wangu, acha." Mikwiro ilikuwa kwenye nyasi, ameisahau au ameiacha. Niliiokota.

Sitajitetea. Nilimpiga kaka yangu kwa mikwiro ya baba, na nilimpiga kwa ufundi, kulia kushoto, kulia kushoto, kwa mwendo niliofundishwa tangu utoto. Pigo la tano au la sita lilivunja taya. Nililisikia likivunjika, sauti ndogo, kijiti kikavu. Aliinua mikono kujikinga tu, na jambo hilo lilinikasirisha zaidi. Nilipoinua macho, mama alikuwa dirishani. Hakupiga kelele. Alinitazama mikono.

Hospitali kaka aliwaambia amepigwa na mlango wa kontena kazini. Wakamfunga taya kwa waya. Mimi nikaambiwa na mama nisikanyage tena alipo. "Sitaki kuiona mikono hiyo mezani kwangu," alisema, kwa Kiswahili. Mama husema Kirundi akiwa na furaha na Kiswahili akiwa na hasira, kwa hiyo hapakuwa na la kuuliza. Nikahamia Columbus, na Louisville sikurudi tena hata kwa soko. Wao wakahamia Buffalo, kaka akapata kazi ghalani kule Cheektowaga karibu na uwanja wa ndege, akachukua nyumba, mama akapata chumba chenye dirisha la kusini. Hayo yote niliyapata kwa watu. Nilipopiga simu mama hakushika. Alikuwa anazeeka bila mimi. Nilitaka kitu kimoja tu, anifungulie mlango nikae mezani nile, na nilijua hawezi kunifungulia kabla kaka hajasema yameisha. Hasira hasara, tunawaambia watoto. Hatuwaambii hasara yenyewe huchukua muda gani.

Basi nikapata wazo la kijinga. Soko lilikuwa linakwenda Buffalo mwezi wa tano, nikaamua safari hii kwenda nalo. Nilimpigia kaka simu kwa namba ya mtu mwingine ili apokee. Nikasema, "Kaka, Jumamosi niko Buffalo, sokoni, ukumbi ule wa matofali upande wa Grant Street. Njoo unipige. Kuna kofia za ngozi, hatutaumizana sana. Tupigane yaishe." Nilimsikia akipumua kwa lile taya, hewa inapita vibaya kidogo. Akakata.

Nilihitaji kinyago cha pili. Mama Chui alikuwa amebakiwa na kimoja kizuri, na hakuwa na muda wa kutengeneza kingine. Nikatengeneza mwenyewe. Ngozi ni ngozi, nilijiambia, mimi nimeshika ngozi tangu sijaota ndevu. Nikachukua ngozi mbichi, nikaivuta juu ya kichwa chake cha mti kama ninavyovuta ngoma, nikaikausha juani, nikapaka madoa. Ikatoka ngumu, nyepesi, na ukiigonga inalia vizuri sana. Mama Chui aliigonga kwa kucha akaniambia, "Hii ni ngoma yenye macho. Ikipata maji itarudi kuwa nyama." Nikamwambia wivu mbaya.

Buffalo ilitupokea kwa mawingu. Asubuhi nilitembea Grant Street nikanunua dagaa na unga kwa Mkongomani mmoja, endapo siku ingeishia jikoni kwa mama. Niliviweka chini ya meza. Saa tisa, watu walipoanza kupungua, kaka aliingia.

Miaka sita imemnenepesha. Taya lilikuwa limeunga vibaya kidogo, mdomo umeelekea kushoto, kama mtu anayetaka kuanza kutabasamu akaghairi. Alipita mafuvu ya udongo, alipita vyungu, akasimama mbele ya vinyago. Akashika kile kizuri cha Mama Chui, akakigeuza, akatazama ndani.

"Hiki unakivaaje?" akauliza.

Mama Chui akaniuliza kwa Kiingereza, "Huyu ana hasira?"

"Hapana," nikasema.

Akamtazama kaka, akanitazama mimi. Alijua nadanganya. Lakini alimfunga kile kinyago mwenyewe, kwa mikono ya mtu anayemvika mtoto koti, na mimi nikavaa changu.

Tulitoka nyuma ya ukumbi, kwenye paking, kati ya pipa kubwa la taka na pikapu. Mvua ilikuwa imeanza. Mama Chui alitazama juu akasema mji huu hauhitaji damu ya mtu, una mvua ya kutosha. Akatupa kila mmoja kamba. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Yeye alichukua kreti la soda akakaa.

Nilimwachia kaka aanze. Pigo la kwanza lilinifanya nisikie kengele. Kinyago changu kililia, kililia kweli, ngoma iliyovaliwa na mwenyewe, na kila pigo lilizunguka humo ndani likitafuta pa kutokea. La pili, la tatu. Nikarusha langu likampata kichwani, likatoa sauti nzito ya godoro, hakutikisika. Ngozi ya Mama Chui ilinyamaza kama alivyosema. Nikarusha tena, kwa nguvu zaidi, na nikahisi kitu kinapanda mabegani, kile kile cha Louisville, kitamu. Kulia, kushoto. Sikuwa nimekuja kupigwa. Hasira ya kifuani ilikuja kupiga, na mimi ndiye niliyeibeba kutoka Columbus.

Nikampiga shingoni, pasipo ngozi. Nilijua ni wapi.

Aliguna akapiga goti moja kwenye dimbwi. Alipoinuka alibadilika. Alikuja bila kujikinga, kamba inashuka na kupanda kama mtu anayepura maharage. Na mvua ilikuwa imefanya kazi yake. Ngozi yangu ililegea, ikalainika, ikanuka machinjio, matundu ya macho yakateremka mpaka mashavuni, nikawa sioni. Kofia yangu ilikuwa imerudi kuwa nyama. Fundo la kamba likanipiga mdomoni, moja kwa moja kwenye mfupa. Nikatema jino, na jingine nikalisikia limekatika katikati.

Ndipo akaanza kusema, na kila neno lilikuja na pigo lake.

"Mama ndiye alisema! Mama ndiye alisema niipasue! Si mchungaji! Mama!"

Nilijaribu kuivua ile ngozi, ikaniganda usoni.

"Unapiga chini ya nyumba, mlango umefunga! Kama yeye! Mama anakaa kitandani amejiziba masikio, anatetemeka! Wewe unajua alikuwa anafanya nini humo ndani? Alikuwa anampiga! Kwa hiyo mikwiro! Akimaliza anapiga ngoma, majirani wasimsikie analia! Na wewe uko nje unacheza! Unacheza!"

Niliacha kamba. Sikuitupa, iliteleza tu. Alinipiga mara mbili zaidi nikiwa nimesimama mikono chini, nikapokea.

"Mimi nilikuwa humo ndani," akasema. Sasa alikuwa hapigi. "Wewe ulikuwa mdogo. Mama akaniapisha nisikwambie. Akasema, huyu abaki na baba yake mzuri. Taya limevunjika nikanyamaza. Miaka sita, mdogo wangu, nimenyamaza."

Mama Chui hakuelewa neno, lakini alijua mapigano yakiisha yanafananaje. Alinichana ile ngozi usoni kwa kisu chake cha kazi, akaitupa kwenye pipa. Akaleta chupa kutoka kwenye pikapu, kitu kikali cha kwao, akampa kaka kwanza. Mzee wa kanisa akanywa. Nikanywa mimi, mdomoni pakawaka moto, nikalia kwa sauti mbele yao wote wawili, na sikuona haya. Nililia kwa sababu nilicheza. Kila mara nilicheza mpaka nikaanguka.

Kaka aliendesha. Unga na dagaa nilivipakata. Mikwiro ilikuwa kwenye begi langu, kwa sababu ndiyo niliyoonyeshea ngoma zangu sokoni miaka sita, nikiwaambia wateja kwa majivuno kwamba ni ya marehemu baba. Mbele ya mlango wa nyumba ya Cheektowaga kaka alinyoosha mkono.

"Hiyo haiingii."

Nikaitoa. Sikumpa, niliona nisimbebeshe tena. Niliivunja mmoja mmoja kwenye ngazi ya saruji kwa mguu, ikachelewa kuvunjika, ilikuwa mbao nzuri. Vipande nikaviacha kwenye mvua. Nilipoinua macho, mama alikuwa dirishani. Alikuwa ananitazama mikono.

Akafungua mwenyewe. Amekuwa mdogo, mama, ananifikia kifuani. Hakuuliza nani ameshinda. Alimtazama kaka, ambaye aliitikia kidogo kwa kichwa, ishara kwamba yameisha na kwamba nimeambiwa. Uso wake ukakunjamana kwa uchungu, nikaona kwamba alipenda mimi nisijue mpaka nife. Kisha akanishika kidevu, akanifungua mdomo kwa kidole gumba kama anavyofanya kwa mtoto aliyemeza shanga, akapapasa. Upande wa kushoto, juu, meno mawili.

Mkono wake ulisimama pale.

"Ni hapa hapa," akasema, kwa Kirundi. "Na mimi alinitoa hapa hapa."

Hakusema jiwe. Hakusema maharage. Alifuta kidole chake kwenye kanga, akaenda jikoni, akapika ugali wa ule unga wangu na dagaa wa Grant Street, akaniwekea sahani mezani kati yake na kaka. Nilikaa. Mikono yangu ilikuwa pale mezani, mbele yake, na hakuniambia niiondoe.

Mdomo ulikuwa umevimba, kila tonge lilikuja na damu. Nikatafuna polepole, upande wa kulia.

Nilipotazama pembeni, mama naye alikuwa anatafuna upande wa kulia.